Korosho Mia Moja na Kumi na Mbili

Mimi Somoe sijawahi kushika nguruwe, na naomba hilo lijulikane mapema, kabla sijaanza kusema habari za Helena. Nilikaa naye ujirani miaka tisa kule bondeni, nyumba yangu huku, yake kule, katikati kuna mihogo yangu na banda lake. Harufu ikija upande wangu nilikuwa nafoka. Yeye alikuwa anajibu, "Pole, Mama Fauzia, upepo utageuka." Na kweli ulikuwa unageuka, ila kwa wakati wake.

Helena alivuka Ruvuma mwaka sitini na tano, akapitia Kitaya, mtoto mgongoni na sufuria moja mkononi. Vita vilikuwa vimemfukuza kwao. Alipofika kwetu alipewa kila kitu: blanketi, unga, jembe, hata kiwanja cha kujenga. Wengine wakipewa hufurahi. Helena kila alipopokea alinuna, hata nikamwona hana shukrani. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anaona haya, maana kwao alikuwa mtu wa kutoa.

Huyo nguruwe hakupewa. Alimlimia mtu wa misheni korosho misimu mitatu, palizi na kuokota, na ujira wake ukawa kijike kimoja chenye madoa kisichozidi paka mnene. Alikilea kwa pumba na maganda ya mihogo, akakikuza, kisha akakisindikiza kwa miguu hadi kwa mwenye dume. Wakakubaliana kwamba mwenye dume atachagua mtoto mmoja kuwa malipo yake. Aliporudi alitundika kibuyu mlangoni, na kila kulipokucha alitia korosho moja ndani. Miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu mpaka azae, ndivyo alivyofundishwa. Nyumba nzima ikawa inaishi kwa kile kibuyu. Hata mumewe, Mathayo, mtu asiyependa maneno, alikuwa akipita anakitikisa kidogo kusikia kimejaa kiasi gani.

Basi ikaja amri ya kuhama. Ilikuwa mwaka sabini na nne, sote twende tukakae pamoja kando ya barabara ya Mpapura, kwenye kijiji kipya. Tulitangaziwa kwamba ikifika Jumamosi nyumba za bondeni ziwe tupu. Mimi nililia siku mbili kwa ajili ya minazi yangu, kisha nikaanza kufunga vyombo. Helena hakulia. Alimwaga kibuyu mkekani, akahesabu, akanitazama. Jumamosi ingekuwa korosho ya mia moja na kumi na mbili. Zingebaki mbili tu kufika mia moja na kumi na nne.

"Muuze," nikamwambia. "Au muache, uje umchukue baadaye."

"Nilishahama mara moja nikaacha kila kitu," akasema. "Mbuzi, kuku, mahindi shambani, mama yangu. Safari hii siachi, Mama Fauzia. Huyu atazalia kwangu."

"Lakini hawezi kutembea. Maili tatu na jua hili, atakufa njiani pamoja na watoto."

"Hatatembea."

Jumamosi asubuhi nikaona alichokuwa amepanga. Alimlisha nguruwe machicha ya pombe mpaka akalegea, wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, kile kile wanacholalia yeye na Mathayo, wakamfunga miguu kwa vitambaa laini. Juu wakaweka magunia yaliyoloweshwa maji. Halafu Helena, kwa kuwa alijua njia itakuwa imejaa Waislamu wanaohama, na hakutaka kutukera, akaingia ndani akatoa shuka jeupe, pekee alilokuwa nalo. Akamfunika nguruwe kuanzia pua hadi mkia. Ndivyo adabu yake ilivyotuponza.

Wabebaji walikuwa watatu. Mathayo na ndugu yake Mikaeli mbele, Helena nyuma peke yake, akiwa katikati ya mipini miwili, mkono huku na mkono huku. Mimi niliwafuata nyuma mbali kidogo, na mkeka na sufuria kichwani. Mume wangu, Isihaka, alikuwa ametangulia alfajiri kupeleka mzigo wa kwanza, na sasa alikuwa anarudi kunipokea.

Nieleze Isihaka alivyo. Ni mtu safi kupita kiasi. Kanzu yake haikai na doa hata la machozi. Bondeni ndiye alikuwa anaadhini, na kwenye kijiji kipya walikuwa wameshamwomba aadhini huko pia, naye alitembea na heshima hiyo kifuani. Huyo ndiye aliyetokea kwenye kona, akaona kitanda begani mwa watu na shuka jeupe limefunika mwili mzima.

Kwetu, ukikutana na maiti njiani huulizi ni ya nani. Unatia bega. Isihaka alivua viatu, akavitupa majanini, akakimbia moja kwa moja hadi kwenye ile pembe ya nyuma iliyokuwa haina mtu. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akasema, akainama, akanyanyua. Kabla sijapiga kelele alikuwa ameshatia bega. Na naapa, kwa muda ule kitanda kilienda vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Helena angeweza kunyamaza. Mikono yake ilikuwa imechubuka, mbele yao kulikuwa na kilima, na bega la mwanamume mwenye nguvu lilikuwa limejileta lenyewe. Sikuona mtu mwingine njiani ambaye angemwambia Isihaka. Lakini hazikupita hatua kumi, nikamsikia.

"Shemeji, acha. Siyo mtu."

"Usiseme hivyo, shemeji," Isihaka akajibu, machozi yanamlengalenga. "Mtu ni mtu hata akifa."

"Shemeji, ni nguluwe wangu."

Herufi ile ya ra ilikuwa ikimponyoka Helena akihangaika, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Isihaka alisimama. Nikaona shingo yake inakakamaa. Hakuweza hata kuruka pembeni, maana angeachia kitanda kingepinduka. Ikabidi ateremshe polepole, pamoja na wenzake, kwa uangalifu ule ule wa kuteremsha maiti. Chini ya shuka kitu kikaguna.

"Nenda ukaoge," Helena akasema. "Nisamehe. Nilimfunika kwa ajili yenu."

Isihaka alisimama kando, mikono ameitenga na mwili wake kama mtu aliyeshika lami. Wale watatu wakanyanyua tena, wakaanza kilima. Walikwenda kidogo. Helena akateleza, akaanguka kwa magoti, lakini kitanda hakukiachia, alikishikilia juu ya kichwa huku magoti yanaburuzika kwenye changarawe. Akainuka. Akaenda hatua tatu, akaanguka tena. Hakuomba msaada, hakututazama hata sisi. Mimi nilikuwa nalia wazi, wala sijui nilikuwa namlilia nguruwe au nani.

Ndipo Isihaka akasema neno moja baya ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwake tangu anioe. Akapanda kilima kwa haraka, akaingiza bega lile lile chini ya pembe ile ile. "Nyanyueni," akafoka. "Nyanyueni twende!"

Alibeba mpaka juu, pale mapaa mapya yanapoanza kuonekana. Hapo akaweka chini, akageuka bila kuaga, akaja kwangu. Tulishuka wote mpaka kijitoni, nikamtekea maji. Alioga mara saba, na mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa, na kanzu nayo vivyo hivyo. Nikamuuliza kwa nini alirudi. Akasema, "Yule mwanamke angeweza kunyamaza." Kisha akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, nami nikaapa.

Nguruwe hakungoja korosho mbili zilizobaki. Alizaa jioni ile ile, chini ya mkorosho nyuma ya nyumba isiyo na kuta. Nilikwenda, nikasimama mbali na kanga puani, lakini nilikuwa nahesabu kwa sauti kama mwendawazimu. Wanane. Mmoja hakupumua, Helena akamsugua kwa nyasi mpaka akakata tamaa, akamweka kando. Saba wakanyonya. Mathayo aliketi chini akacheka peke yake, ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Siku ya nne ukaitishwa mkutano. Muhidini mwenye duka alisimama akasema kijiji kina kisima kimoja na msikiti mmoja, na nguruwe hana mahali, aondoke. Kwa kweli hakusema kwa ubaya, na wengi walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Helena akajibu kwamba atajenga banda mwisho kabisa wa kijiji, mteremkoni chini ya kisima, ambako maji hayarudi nyuma. Magoti yake yalikuwa bado na vidonda. Mwenyekiti Thabiti akasema basi watu wanyooshe mikono.

Isihaka akasimama kabla mkono wowote haujainuka. Nilimvuta kanzu. Akautoa mkono wangu.

"Nguruwe mnayemsema," akasema, "nimembeba mimi. Kwa bega hili."

Thabiti akauliza kama amesikia vizuri.

"Umesikia. Mara ya kwanza sikujua, nilidhani ni maiti. Huyu mama akaniambia kweli, na hakuna aliyemlazimisha. Mara ya pili nilijua, na nikambeba. Nimeoga mara saba. Kama sifai tena kuadhini, mtafuteni mwingine. Sasa mnasema nguruwe aondoke. Sawa. Ana watoto saba na hawezi kutembea. Anayetaka aondoke na aje atie bega, ampeleke bondeni. Mimi zamu yangu nimemaliza."

Thabiti alitazama huku na huku. "Nani atambeba?" akauliza.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Muhidini akakohoa, akasema banda liwe mbali kweli kweli, na lizungushiwe boma. Likaandikwa hivyo. Asubuhi yake aliadhini Isihaka, maana hakupatikana aliyetaka kuamka badala yake, au ndivyo walivyosema.

Siku ile ile Helena alikuja mlangoni kwetu na kile kibuyu. Hakuingia. Akamimina korosho zote kwenye ungo wangu, mia moja na kumi na mbili, zote na maganda yake.

"Hazijaingia kwenye chungu changu," akamwambia Isihaka. "Ni safi, shemeji."

Isihaka akauchukua ungo kutoka mikononi mwangu, akaenda uani, akawasha moto, akazichoma mwenyewe.