Eti niwafundishe waliochukua nafasi yangu

Leo nimemwambia kocha "hapana" mbele ya timu nzima. Ndiyo, mimi, ambaye hata kuitika jina darasani hunitoa jasho.

Mnajua mimi ndiye ninayepandisha mpira kwenye timu yetu ya basketboli. Ni mfupi, sawa. Lakini mikakati yote niliibuni mimi, na tunaiita kwa Kikamba ili wapinzani wasielewe.

Jioni hii kocha ametuletea wachezaji wawili kutoka shule nyingine. Warefu, wana ndevu, wameshacheza mashindano ya kitaifa.

"Mutua, utakaa benchi. Tunahitaji miili."

Nikageuka kuelekea benchi.

"Lakini una kichwa. Wafundishe hawa mikakati yako. Kikamba hawajui hata neno."

Yaani wachukue nafasi yangu, halafu niwape na akili yangu?

"Hapana, mwalimu."

Mmoja wao akacheka. "Kumbe haka kadogo kanaongea!"

"Basi rudisha jezi," kocha akasema.

Nikaivua hapo hapo, nikavaa sweta juu ya kifua kitupu, nikaenda.

Lakini siandiki haya kwa ajili ya kocha.

Muthama, tumecheza pamoja tangu Kidato cha Kwanza. Nilipovua jezi nilikuona umeinama, ukifunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Mbona hukusema neno? Nijibu hapa hapa kwenye maoni, wote wasome.