Mkono Uliokatazwa Ugali

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, mkono wangu wa kulia ulikatazwa kushika chakula kwa siku nne. Hii ilikuwa kijijini kwetu Kamukuywa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu tangu zamani siwezi kuona kitu bila kukiokota.

Tulikuwa tunapanda mahindi shamba la chini. Baba yangu, mwalimu wa shule na mhubiri wa Jumapili, alishika plau. Mimi na Kukhu, mama yake baba, tulifuata nyuma tukidondosha mbegu. Plau ikafukua mfupa mrefu. Nikauokota, nikaupangusa kwa gauni, nikaugeuzageuza nione unaanzia wapi na kuishia wapi.

"Tupa hiyo kitu!" Kukhu akapiga kelele, akiniita mayi, yaani mama, kama alivyozoea. "Mayi, umeshika mtu!"

Zamani pale palikuwa na boma, na watu walizikwa humo. Kwetu, aliyegusa mfupa wa maiti ilikuwa lazima aoshwe na mzee anayejua kazi hiyo, tena kondoo achinjwe. Bila hivyo mkono ungekauka, na chochote ulichoshika kingedhurika.

"Hiyo mkono isiguse mtoto, isiguse ugali," Kukhu akasema. "Na isiandike."

Neno la mwisho ndilo lililonikata maini. Ijumaa hiyo nilikuwa na mtihani Kitale, wa kuingia shule ya bweni ya wasichana. Nafasi zilikuwa chache, na nisipopita ningebaki nyumbani kungoja kuolewa kama dada zangu wawili.

"Hakuna kondoo itachinjwa hapa," baba akamwambia mama yake. "Nilisimama mbele ya kanisa nikaapa nimeachana na hayo mambo. Si ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa," Kukhu akajibu. "Lakini mkono si yako."

Basi kwa siku nne Kukhu alinilisha yeye mwenyewe, tonge baada ya tonge. Mkono wa kushoto nao haukuruhusiwa. Kula kwa kushoto ni tabia mbaya kwetu hata bila maiti. Mdogo wangu Wafula, aliyekuwa bado ananyonya, alilia nimbebe nami nikamkimbia. Kila asubuhi nilikagua vidole kimoja kimoja. Wanafunzi wangu wa udaktari nimewachekesha sana na kisa hiki, nikiwaambia huo ndio uliokuwa uchunguzi wangu wa kwanza wa mkono wa binadamu. Siku zile sikucheka.

Ijumaa mimi na baba tukapanda lori la mahindi kwenda Kitale. Mbele yangu alikaa mama mmoja amepakata mtoto, nami nikahofia mkono usije ukamgusa. Nikaukalia. Barabara ilikuwa mbovu, na niliukalia safari nzima. Tuliposhuka ulikuwa unaning'inia tu. Niliufinya nisisikie kitu, na vidole havikukunjika.

"Baba, umekauka," nikasema, nikaanza kulia mbele ya wasichana waliovaa viatu.

Baba aliuinua, akauachia, ukaanguka. Uso wake nauona hadi leo. Kengele ilikuwa karibu kulia. Akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akanivuta hadi kwenye mfereji nyuma ya jiko la shule, akang'oa majani mabichi, akafungulia maji. Aliniosha kuanzia kiwiko hadi kucha, akisugua kwa nguvu, akinong'ona kwa Kibukusu: "Wewe uliyelala, lala. Huyu ni mtoto, hakukujua." Maneno ya wazee wa kuosha aliyajua yote. Vidole vikaanza kuwasha kama vimeingiliwa na siafu, kisha vikakunjika. Nikaingia, nikaandika, nikapita.

Yaliyofuata ni ya kawaida: bweni, chuo kikuu, kisha karibu miaka arobaini ya kufundisha anatomia hadi nikaitwa profesa. Kila mwaka, siku ya kwanza ya kupasua maiti, hakosekani mwanafunzi anayeniuliza kwa aibu kama anaweza kuomba au kunawa kwanza kwa namna ya kwao. Namruhusu, na wenzake nawakataza kumcheka.

Ukweli wenyewe niliupata nikiwa bado mwanafunzi. Siku tulipopewa mfupa wa paja la mtu, niliushika tu nikajua kwamba ule wa Kamukuywa ulikuwa wa ndama. Na mkono wangu ulikufa ganzi kwa kukaliwa, basi. Nilirudi likizo kichwa kimejaa elimu, nikamweleza baba yote mawili kwa furaha, nikidhani namchekesha.

Baba akanigeukia. "Ati ndama?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi naomba Mungu msamaha kila Jumapili, miaka hiyo yote. Juu ya ndama."

Sikuwa najua. Hakuwahi kunigusia hata mara moja. Niliona aibu.

"Lakini uliandika," akasema, akatoka kwenda kufunga ng'ombe.

Bado najuta nilivyomwambia, ingawa nilichosema ni kweli na ningekifundisha tena kesho. Pale mferejini baba hakujua habari za ndama wala ganzi. Alikuwa na hakika kabisa kwamba anatenda dhambi, na aliitenda ili mimi niandike.