Jumatano ya Makasha

Ukutani mwa ofisi yetu palikuwa na ramani kubwa ya bahari, na mimi ndiye niliyekuwa nikiifuta vumbi. Nilikuwa karani kwa mawakala wa mizigo, mwendo mfupi kutoka lango la bandari ya Kilindini. Kazi yangu ilikuwa kumtafutia mteja meli: inaondoka lini, inapitia wapi, itamchelewesha wapi. Mwenyewe sikuwahi kuvuka maji mapana kuliko ya feri ya Likoni, lakini ungenisikia nikitaja Kolombo na Singapuri ungedhani nina mashangazi huko.

Nyumbani kwetu, Mji wa Kale, maringo hayo hayakumshughulisha mtu. Baba yangu alikuwa fundi wa makasha ya nakshi, yale yenye misumari ya shaba ambayo zamani bibi harusi alipelekewa nguo zake ndani yake. Karakana ilikuwa chini, sisi tukiishi juu, nami binti yake tangu utotoni niliamshwa na nyundo yake ya mti. Lakini mabibi harusi wa miaka hiyo ya tisini walitaka kabati lenye kioo. Walionunua makasha ni wageni waliotoka kuitazama Ngome ya Yesu, nao walipungua mpaka wauza vinyago wa pale langoni wakabaki kuuziana hadithi. Mfanyabiashara mmoja wa Makadara alikuwa ameitaka karakana aifanye ghala la mitumba. Baba alimwambia angoje jibu mpaka mwisho wa mwaka, na sote tulijua jibu lingekuwa lipi kama mambo hayatabadilika.

Ndipo ikaja faksi ofisini kwetu. Aliyeituma alikuwa mtu aliyewahi kununua kijikasha kwa baba, akaondoka na anwani yangu ya kazini. Aliishi katika mji wa pwani ya magharibi ya Amerika, na sasa alikuwa na duka lisilo na mlango. Aliweka picha za bidhaa kwenye kompyuta, watu wakachagua wakiwa majumbani mwao, naye akawapelekea kwa posta. Alikuwa ameweka picha ya kile kijikasha, na watu wameagiza. Alitaka shehena ndogo ya vijikasha, ifike kabla ya mwisho wa mwezi wa nane, la sivyo atawarudishia wateja pesa zao na habari iishe. Vikipendwa, ataagiza kila msimu.

Nilipomweleza mama, aliuliza mtu hununuaje kitu ambacho hajakigusa. Baba alishuka chini, na kwa wiki kadhaa nyundo ile haikupumzika ila kwa sala.

Kazi ya kutafuta njia ikawa yangu. Kampuni moja ya meli ilipita kaskazini kwa mfereji wa Suez, ikashusha mizigo Ulaya, ikaivusha Atlantiki, kisha makontena yakapanda treni na kulikata bara zima la Amerika. Bei yake ilikuwa nafuu, lakini mzigo ungepita mikono mingi na kuchukua miezi. Kampuni ya pili ilikwenda mashariki. Meli yake ndogo ilitoka Mombasa hadi Singapuri, na huko kontena likahamishiwa meli kubwa iliyoivuka Pasifiki moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mteja wetu. Nikachagua mashariki. Bosi wangu akatupatia nafasi ndani ya kontena la msafirishaji mwingine wa vinyago, kwa kuwa vijikasha vyetu havikutosha kulijaza. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikijiona mimi ndiye nahodha.

Baba aliuliza meli inaondoka lini. Nikamwambia Jumatano ya wiki ijayo. Akaiweka patasi chini, akahesabu kwa vidole.

"Huu ni mfunguo tano," alisema. "Hiyo ndiyo Jumatano ya mwisho ya mwezi wa Safar. Siku hiyo kitu changu hakishiki ndia."

Kwetu Jumatano hiyo ilikuwa na sifa mbaya. Wazee hawakuanza safari wala arusi. Wako waliokwenda pwani kuoga ili kuiondoa mikosi, na wako waliokunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji. Masheikh vijana walikuwa wakihubiri kwamba mambo hayo hayana asili katika dini. Baba aliwasikiliza kwa adabu, akawaitikia kwa kichwa, na ikifika siku yenyewe akabaki ndani.

Nilipandwa na hasira. Nilisema meli haijui Safar wala Rajabu, na ile inayofuata itafika wateja wamesharudishiwa pesa zao. Mama aliniambia niteremshe sauti, sisemi na hamali. Nikaona nimshinde baba kwa elimu. Nikamweleza kwamba katikati ya Pasifiki pana mstari, na meli itokayo Asia kwenda Amerika ikiuvuka, siku moja hurudiwa. Mabaharia wakilala Jumamosi, huamka ikawa Jumamosi tena. Siku zenyewe ni hesabu za watu tu, nikasema.

Baba alipendezwa mno. Alinifanya nirudie. Kisha akauliza, "Na wakiuvuka Jumatano?"

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Akasema kwamba kabla sijafungua kinywa kulikuwa na Jumatano moja, sasa ziko mbili. Nilijaribu kueleza kwamba wakati huo Safar itakuwa imeshakwisha zamani, lakini hakuna aliyenisikiliza.

Kesho yake ofisini, nikiwa bado nimenuna, nilikumbuka jambo ambalo karani mwenye akili zake angelikumbuka tangu mwanzo. Mzigo haungoji siku ya meli. Ulitakiwa uwe yadi ya makontena Jumatatu, upangwe pamoja na vinyago vya yule mwenzetu. Nikarudi nyumbani na adabu zangu zote, nikambusu baba mkono, nikamuuliza safari ya mzigo huanza wapi. Alinijibu kama alivyofunzwa na babake, kwamba huanza kizingitini. Nikamwambia basi makasha yatakivuka kizingiti Jumatatu, siku aliyozaliwa Mtume. Aliitikia kwa kichwa. Nikapanda juu nikiamini nimeshinda.

Jumapili nilimkuta anang'oa misumari ya kifuniko kimoja. Alisema imekwenda upande. Kwa mato yangu ilikuwa imenyooka. Kabla ya hapo alikuwa amesema bawaba ni ngumu, kisha vanishi haijakauka, kisha kufuli moja halimridhishi. Nilitaka kumfokea. Badala yake, sijui kwa nini, nilikaa juu ya mbao, nikamuuliza polepole ana nini.

Hakuniangalia. Alisema mgeni wa pale Ngomeni akikataa kununua, yeye humuona uso, akajua kama ni bei ama ni kazi yenyewe. Hawa wa kwenye kompyuta hatawaona.

"Yakiwa hapa, mwanangu, hakuna aliyeyakataa," alisema. "Yakenda huko, yatarudi ama yatatupwa, na mimi sitajua mkono wangu ulikosa wapi. Naogopa."

Sikuwahi kumsikia baba akisema anaogopa. Machozi yalinilenga, na hasira ya wiki nzima ikanitoka yote. Nilifahamu kwamba ile Jumatano aliiamini kweli, lakini pia ilikuwa imemfaa, kwa sababu ilimpa mahali pa kujificha. Sikuwa na jibu la ramani. Nilimwambia lile moja nililolijua, "Na wao hawajauona uso wako, baba, na wameagiza."

Aliigeuza ile misumari kiganjani. Kisha akaanza kuirudisha mmoja mmoja.

Jumatatu asubuhi aliomba chetezo na udi. Akakifukiza kila kijikasha kwa ndani na kukifunga moshi ungalimo. Nilimwambia watu wa forodha watashangaa. Akasema aendaye safari hufukizwa, hata akiwa kasha. Alikivuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akiwa amelibeba kasha la kwanza mwenyewe huku akisoma dua, na hamali akaipokea kazi kwa mkokoteni mpaka Makadara, ambako pikapu ilikuwa ikingoja kwa kuwa vichochoroni mwetu haipiti. Jumatano meli ilipong'oa nanga baba alikuwa nyumbani kama desturi yake. Nami huku ofisini, msomi mzima wa ramani, nilisoma Ayatul Kursi, aya ya kujikinga, kimoyomoyo.

Kisha karakana ikanyamaza. Baba aliifagia, akapanga patasi zake, akaketi barazani. Nilikuwa nikichelewa kuamka kwa kukosa nyundo, na ukimya ule ulinitia hofu zaidi ya bahari. Siku moja alikuja ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliwaamkia wote, akasimama mbele ya ramani, akaipima Pasifiki kwa shubiri kama apimavyo ubao. Akasema hiyo ni safari ya watu wazima.

Singapuri mambo yakaharibika. Meli yetu ilichelewa, na ile kubwa ikaondoka bila kontena letu. Ingebidi lingoje nyingine. Nilipoipata habari hiyo nilijilaumu, kwa sababu njia ile niliichagua mimi. Nilimwambia baba jioni hiyo hiyo. Nilitegemea atataja Safar. Alinitazama, akanisogezea kikombe cha kahawa, akasema, "Waache wapumzike kidogo. Wametoka mbali." Tangu hapo yeye ndiye aliyenituliza mimi.

Faksi ilikuja mwezi wa nane haujakwisha. Nilitoka ofisini bila ruhusa, nikaenda nayo Mji wa Kale mbio, buibui langu nusu likiwa mkononi, na nikamsomea baba papo hapo barazani. Vijikasha vimefika salama. Vyote vimeshakwenda kwa wenyewe. Wateja wanauliza harufu ile ya ndani ni ya mti gani, kwa maana kila wakifungua kifuniko nyumba nzima hunukia. Mwenye duka anataka vingine kabla ya sikukuu zao za mwisho wa mwaka, na tafadhali harufu isikose.

Mama alipiga kigelegele kimoja, akaona haya, akaingia ndani. Baba alinituma Makadara nikampe yule mfanyabiashara jibu lake, nimsalimie vizuri na nimwambie karakana ina kazi. Nilikuwa nimeshageuka aliponiita tena. Alitaka kujua ule mstari wa Pasifiki meli iliuvuka siku gani.

Nilimwambia hilo wenye meli hawakuandikii.

Alifikiri. "Basi na iwe Ijumaa," alisema. "Wapate Ijumaa mbili."

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na nyundo ya mti.