Timazi ya Chumbani

Kabla ya kuinuka kitandani, fundi mwashi hutazama kwanza timazi yake ya kazi, uzi wenye chuma nchani, aliyoitundika darini. Kuta alizozijenga kwa mikono yake siku hizi huzunguka kama pia. Uzi ule haudanganyi: ukitulia, anajua ni kichwa chake kinachozunguka, si nyumba. Daktari alisema huenda kinga ya mwili wake inamshambulia yeye mwenyewe, hadi ndani ya sikio, panapotunza mizani ya mwili. "Kikulacho ki nguoni mwako," alijibu fundi, akicheka huku kang'ang'ania meza. Leo ameukodolea uzi macho, vidole vikikwaruza shuka. "Mama watoto, nani kaisukuma timazi?" Mkewe akaitazama. Ilikuwa imetulia tuli. Hata hivyo akanyoosha mkono, akaishika. "Basi, nimeizuia." "Hujaizuia," akanong'ona fundi. "Inazunguka pamoja na wewe."