Ukuta wa Mshazari wa Chumba cha Mama

Nakumbuka mchana mmoja kule Burat, mwanangu. Tumesimama kwenye chumba ambacho hakijaezekwa, na dada yangu Kagendo ameshika kiti cha magurudumu. Wacha nikueleze vizuri, maana nyinyi vijana mkikaa mbele ya kompyuta mnadhani kuchora ni kubonyeza tu.

Mama yetu alikuwa amepigwa na kiharusi. Tulimpangishia chumba Isiolo mjini, karibu na hospitali, na kila asubuhi swali lake lilikuwa hilo hilo: "Nitalala kwangu lini?" Kwake ni Burat, kwenye shamba lake la vitunguu. Lakini nyumba ya zamani ilikuwa na milango myembamba, kiti hakipiti. Kwa hivyo Kagendo, ambaye alikuwa amesomea kuchora ramani za nyumba, akamchorea nyumba ndogo mpya. Mfereji wa maji unakata shamba hilo mshazari, basi ikabidi ukuta wa chumba cha Mama uufuate. Ramani ilipendeza, hata mimi nilijivuna.

Sasa nisikilize. Ile programu ya kompyuta aliyochorea ina njia mbili za kuandika urefu wa ukuta. Moja inaufuata ukuta wenyewe, jinsi ulivyolala. Nyingine inapima kutoka kushoto kwenda kulia, au kutoka juu kwenda chini, haijali ukuta umeelekea wapi. Kwa ukuta usio wa mshazari, zote zinakupa namba moja. Kwa ukuta wa mshazari, hiyo ya pili inakupa namba fupi. Kagendo alitumia ya pili, kama alivyofanya kwa kuta zingine. Fundi naye hana kompyuta, ana karatasi na kamba. Akapima namba aliyopewa, ukuta ukaishia kabla ya mahali pake, na uliofuata ukaanzia hapo. Chumba kikabanwa.

Hatukujua mpaka tulipopeleka kitanda na kiti kujaribu. Kitanda kiliingia. Kiti kikashindwa kugeuka. Kagendo alisukuma, akarudisha, akasukuma tena, mpaka nikamwambia, "Dada, basi."

"Mimi nimefuata namba," fundi akasema. Na kweli alikuwa amefuata.

Tukarudi mjini tukafungua ile ramani. Kwenye kompyuta chumba kilikuwa sawa kabisa, nafasi ya kiti ipo, mlango upo. Aki ya Mungu, hiyo ndiyo ilitumaliza.

Ikabidi kubomoa na kuchimba msingi upya, na mvua nayo ikaanza. Mama alipoambiwa hakukasirika. Alisema, "Kagendo, wacha kulia. Rekebisha, mimi nangoja." Lakini mwili wake haukungoja. Tulimzika Burat wakati kuta mpya hazijafika kwenye madirisha.

Dada hakuchora tena. Nimemwambia mara nyingi kwamba hakuna anayemlaumu. Mimi nikajifunza kazi hiyo hiyo, nikazeeka nikiifundisha, na bado sijapata neno la kumrudisha kwenye kuchora. Nimelitafuta jamani. Halipo.

Mwanangu, ukifika kwenye ukuta wa mshazari, simama. Upime kwa kuufuata wenyewe, halafu uandike na pembe yake, usimwachie fundi abahatishe. Nenda shambani mkavute kamba pamoja kabla jembe halijagusa udongo. Kama kuna kiti, kilete kizungushwe ndani ya hizo kamba. Kompyuta haitakuambia umekosea, kwa sababu yenyewe hailali humo. Na kama umekosea tayari, tafadhali usikimbie kalamu. Mmoja aliyekimbia ananitosha.

Mungu akulindie macho na mikono. Akujalie umchoree mama yako chumba, na siku ya kuhamia umsukume wewe mwenyewe hadi ndani, akiwa hai, akikulalamikia kwamba unaenda mbio.