Miti Niliyoikata Kama Kahawa

Nilianza kazi Jumatatu moja ya Februari 2017, huko Lewisville, kwenye nyumba za kupanga ambako wapangaji wengi tulikuwa Warundi. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja. Msimamizi wa Bustani, mama wa Kikenya mwenye buti kubwa kuliko zangu, alinikabidhi mkasi wa kupogolea, msumeno na reki, kisha akanitembeza.

Kazi za mwanzo wa majira ya kuchipua zina mpangilio. Kwanza hupogolewa mawaridi: unakata juu kidogo ya jicho, pale tawi linapochipulia, linalotazama nje, ili tawi jipya lisirudi ndani ya kichaka. Halafu dawa ya kuzuia magugu, inayomwagwa kabla mbegu za magugu hayo hazijaota. Ukichelewa umemwaga bure. Halafu matandazo, yaani maganda ya miti yaliyosagwa, unene wa vidole vinne, yasiguse shina likaoza. Maua ya msimu yanasubiri mpaka katikati ya Machi, hata jua likikubembeleza, maana baridi hurudi.

Kando ya njia ya kuingilia kulikuwa na miti kumi na miwili ambayo kiangazi hutoa maua yaliyokunjamana kama karatasi laini.

"Hiyo toa matawi makavu tu, mzee," alisema, akaenda ofisini.

Kwetu Burundi nililima kahawa. Mbuni ukichoka, tunaukata ukabaki kisiki cha kufika gotini, nao unachipua upya. Niliitazama ile miti, nikaona imechoka. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimeimaliza yote.

"Mzee! Umefanya nini?" Msimamizi aliuliza alipotoka ofisini.

"Ilikuwa imezeeka. Nimeifufua."

"Hii ni kahawa ya nyanya yako? Watu walikuwa wanakaa kwa hiki kivuli! Sasa nita-explain nini kwa ofisi?"

Ofisi ilitaka nifukuzwe. Msimamizi akaomba nihamishiwe Katy, upande wa Houston, mwendo wa saa nne kwa gari, ambako kampuni yetu ilitunza bustani za watu. "Miti ikichipua," aliniambia, "nitakuombea urudi."

Katy iko kusini zaidi na joto huwahi, kwa hiyo kazi zilezile hufanywa mapema. Wenye nyumba waliondoka alfajiri kuwahi barabara kuu, wakarudi jioni. Maagizo nilitumiwa kwa simu. Lewisville, baada ya kazi, tulikaa kwenye ngazi tukinywa chai na kubishana kwa Kirundi na Kiswahili cha kambi za wakimbizi. Jumapili tulikwenda misa pamoja. Huku nilipogoa mawaridi mazuri ambayo hakuna aliyeyatazama mchana. Siku moja nilimsalimu mtu wa posta, sauti ikatoka na kutu.

Aprili, Msimamizi alipiga simu.

"Mzee, imechipua! Lakini imekuwa vichaka. Nibakishe machipukizi mangapi?"

"Matatu kila kisiki, yaliyoachana. Mengine uyang'oe yakiwa bado laini."

"Hapa hakuna anayejua hiyo. Kuja uonyeshe."

Nilifika Jumamosi. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ngazi.

"Daktari wa visiki huyo!" mmoja alipaza sauti. "Ficheni minazi!"

"Minazi iko wapi Lewisville, wewe?"

"Si ndiyo maana? Alishaikata!"

Nilicheka mpaka nikaweka mkasi chini. Kufika jioni kila kisiki kilikuwa na machipukizi matatu yaliyosimama vizuri. Nikamuuliza Msimamizi nirudi lini Lewisville.

Alitazama buti zake. "Wameshaajiri mtu, mzee. Nimejaribu."

Nilirudi Katy, nikafanya kazi hapo mpaka nilipostaafu mwaka 2020. Nimepogoa mawaridi mengi, na sijakata tena mti nisioujua. Ninyi mnaoanza kazi hii mtafundishwa jicho, dawa na matandazo. Mimi naongeza moja tu. Siku ile ofisi ya Msimamizi ilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye mti wa kwanza, na mlango wake ulikuwa wazi. Nilikuwa na mtu wa kumuuliza, tuliyeelewana lugha, na sikumuuliza.