Mchezaji Wetu Hashiki Jembe

Mdogo wangu aliharibiwa na sifa, na waliomharibu bado wanamsifu mpaka leo. Nikienda nyumbani Tumati, huko Mbulu, nawasalimia vizuri, wakubwa nawapa shikamoo zao zote, lakini moyoni nimewanunia na sioni dalili ya kuacha.

Alikuwa mrefu kuliko wote nyumbani, na alipomaliza kidato cha nne ndiye aliyekuwa tegemeo la timu ya kata ya mpira wa kikapu. Uwanja wenyewe ni vumbi tupu, ringi zilichomelewa na fundi wa mageti. Kwa pale alikuwa mzuri, sikatai. Akiondoka na mpira kwa mkono wa kulia, hakuna wa kumshika. Lakini mkono wa kushoto hakuujua kabisa. Ukimziba kulia anasimama, anageuka, anatafuta wa kumpa. Mimi nilicheza kikapu shuleni, nililiona siku ya kwanza tu. Watu wetu hawakuliona, au waliliona wakanyamaza.

Basi chuo kimoja cha Arusha kikatangaza kwamba kitachukua mchezaji mmoja kutoka Mbulu na Hanang, asome ufundi umeme na kulala bwenini bure, ilimradi aichezee timu ya chuo. Mchujo ungefanyika Katesh, kule Hanang, baada ya palizi. Darasani mdogo wangu hakuwa amefanya vizuri, na shamba la baba lilikuwa limeshagawanywa vipande vidogo vidogo kati yake na kaka zetu. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa njia yake.

Kwetu mtu akizidiwa na kazi, majirani wanakuja na majembe wanamsaidia. Mwaka ule walikuja kwa ajili yake, ambaye hakuwa mgonjwa wala hakufiwa. Baba mdogo alisimama nje ya kanisa baada ya ibada akasema mchezaji wetu asishike jembe mpaka mchujo upite, mikono isije ikaota sugu. Watu waliolima tangu utoto, sugu zimewajaa viganjani, wakaitikia. Mama alipika makande ya kuwalisha. Wakapalilia kipande chake chote cha mahindi, na yeye amekaa kwenye tuta na simu yake, wanawake wa umri wa mama wakimwinamia magugu.

Mimi nimeolewa Hanang, Getanuwas, kwa wafugaji. Kijana aliyetajwa kuwa mshindani wake alikuwa mtoto wa jirani yetu. Anashinda na ng'ombe, jioni anakwenda mazoezini. Kocha wao, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anamfunga mkono wa kulia kiunoni kwa kanga ili auzoeshe wa kushoto kudunda mpira. Nilikuwa nikirudi kisimani nasimama kuangalia. Anakosa, anacheka, anarudia.

Kocha yule akaniambia, "Mama, mwite mdogo wako akae kwako wiki chache. Wafanye pamoja. Wakikutana kwenye mchujo, anayeweza ataonekana."

Nikapanda Tumati siku ileile. Nikamkuta baba mdogo na wenzake nyumbani, mdogo wangu katikati yao.

"Yule mchunga ng'ombe amfundishe nini wetu?" baba mdogo akauliza.

"Kushoto, baba mdogo. Huyu hajui kushoto."

"Mwenye kulia kama ile anahitaji kushoto ya nini?" Wakacheka wote. "Umeolewa kule, siku hizi unaongea kama wao."

Mdogo wangu naye akacheka. Nikamvuta nyuma ya zizi nikamwambia wazi kwamba watamziba upande mmoja na atakwama. Akanijibu kwa upole kwamba sijamwona anavyocheza siku hizi. Nilikuwa nimemwona wiki ile ile.

Siku ya mchujo walikuja na lori zima, wanaimba. Mchaguaji akawapanga wale wawili wakabane. Kijana wa Getanuwas hakufanya maajabu yoyote. Alisimama upande wa kulia wa mdogo wangu, akakaa hapo. Mpira ukapotea, ukapotea tena. Watu wetu wakapiga kelele kwamba anachezewa vibaya. Kabla hata ya mapumziko mdogo wangu alikuwa ameshika magoti anahema, maana tangu palizi ianze alikuwa hajafanya kazi ya kumtoa jasho. Nafasi ikaenda Getanuwas.

Nilipanda nao lori kurudi Tumati, nikawasikia wakitafuta sababu. Mpira ulikuwa na upepo mwingi. Mchaguaji alikula nyama kwa wenyeji. Joto la kule chini. Walipofika nyumbani walimshusha kwa kumbeba mabegani. Mpaka leo kwenye grupu la kata, video ya yule kijana wa chuo ikirushwa, hakosekani wa kuandika kwamba wetu angemla huyu.

Msimu uliofuata hakuja mtu na jembe. Kila mmoja alikuwa na shamba lake. Mdogo wangu alilima peke yake, malengelenge yakatoka, yakapasuka, na wapita njia wakamwita bingwa. Alikuwa anapunga mkono.

Mwezi uliopita nilikwenda kusaidia kuvuna vitunguu saumu. Tulikuwa wawili tu, tunafunga mafungu. Akauliza bila kuniangalia, "Dada, hivi kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Mimi nilikuambia. Hapo nyuma ya zizi."

Akafunga fungu lake, akaliweka chini.

"Wewe ulikuwa mmoja," akasema.